Kupima kasi na akiba ya anaerobiki ya mkimbiaji wa mbio za kati na ndefu: mwongozo kwa kocha wa uwanjani

Katika fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki jijini London, tarehe 4 Agosti 2012, Mo Farah alishinda kwa muda wa 27:30.42, na mzunguko wa mwisho aliumaliza kwa sekunde 53.48. Ukigawanya umbali kwa muda utaona kwamba mbio zote alizikimbia kwa wastani wa mita 6.06 kwa sekunde, ilhali mzunguko ule mmoja ulikwenda kwa mita 7.48. Pumzi peke yake haielezi tofauti hiyo, kwa sababu wote waliokuwa bado kwenye kundi la mbele walikuwa na pumzi. Aliyeshinda alikuwa amebakiza kitu baada ya mizunguko 24, na miguu yake ilikuwa na kasi ya kukitumia.

Misuli hupata nishati kwa njia mbili kubwa. Njia ya aerobiki hutumia oksijeni na inaweza kuendelea kwa saa nyingi. Njia ya anaerobiki haingoji oksijeni, hutoa nishati upesi sana, lakini ghala lake ni dogo na likishatumika halijazwi tena mpaka mkimbiaji apunguze mwendo. Watafiti Spencer na Gastin wa Australia, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2001, walikadiria kwamba njia ya anaerobiki ilichangia takriban asilimia 34 ya nishati katika mita 800 na asilimia 16 katika mita 1500. Katika mbio ndefu zaidi mchango huo hupungua sana, ila hujitokeza palepale panapoamuliwa mshindi, yaani kwenye kilima, kwenye shambulizi la ghafla na kwenye mita 300 za mwisho.

Ghala hilo halionekani, na hakuna kifaa cha uwanjani kinacholipima moja kwa moja. Tunachoweza kupima vizuri ni kasi, na kutokana na kasi tukakadiria akiba. Kocha mwenye saa ya kupimia muda, tepu na simu anaweza kupata majibu ya kuaminika, mradi awe mkali juu ya masharti ya kipimo kuliko alivyo mkali juu ya mkimbiaji mwenyewe.

Maandalizi

Tafuta saa mbili za kupimia muda, tepu ya mita 50, koni kumi hivi, filimbi, daftari, na simu inayoweza kurekodi video kwa picha 120 au 240 kwa sekunde pamoja na stendi ya kuishikilia isitikisike. Saa ya mkononi yenye GPS inafaa kwa mazoezi ya kila siku, lakini usiitegemee hapa: huchelewa kuonyesha mabadiliko ya kasi, na kwenye kona za uwanja hupotosha umbali.

Kabla ya kumpima mtu, pima uwanja. Viwanja vyetu vingi vya udongo huchorwa upya kwa chokaa kila msimu, na mzunguko unaoitwa wa mita 400 unaweza kuwa wa 396 au 405 bila mtu yeyote kujua. Njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani iwapo ukingo huo umeinuliwa, na sentimita 20 iwapo ni mstari tu. Kosa la mita 4 katika kila mzunguko ni asilimia moja, ambayo kwenye mazoezi haimsumbui mtu. Lakini baadaye katika mwongozo huu utakutana na hesabu ambayo kosa la kiasi hicho katika jaribio moja tu linatosha kuiharibu.

Mkimbiaji awe mzima, awe amepata siku mbili bila mazoezi mazito, na awe amekula saa mbili au tatu kabla. Avae viatu vilevile na apimwe saa zilezile za siku kila mara. Mwenye maumivu nyuma ya paja asipimwe kasi ya juu kabisa, hata akisisitiza kwamba maumivu ni madogo, kwa kuwa msuli huo ndio unaochanika mara nyingi zaidi katika mbio za kasi. Kwa watoto na wanaoanza, ishia kwenye kipimo cha kwanza. Vipimo vya kuchosha kabisa si vyao.

Panga vipimo kwa siku mbalimbali ndani ya wiki mbili, ukianza na kasi, maana kasi hupungua haraka mwili ukiwa na uchovu uliobaki.

Hatua ya kwanza: kasi ya juu kabisa

Makocha wengi wa mbio ndefu huruka kipimo hiki kwa kudhani kwamba ni cha wakimbiaji wa mita 100. Mimi nakiona ndicho cha thamani kuliko vyote kwa gharama yake, kwa sababu hakichoshi, huchukua nusu saa, na humweleza kocha jambo ambalo kilomita mia mbili za mazoezi hazimwelezi.

Mkimbiaji apashe misuli moto kwa dakika 20, kisha akimbie mara nne au tano umbali wa mita 60 hadi 80 akiongeza kasi polepole. Kwenye sehemu iliyonyooka, weka alama ya kuanzia, alama nyingine baada ya mita 40, na ya mwisho mita 30 mbele yake. Zile mita 40 ni za kujenga kasi na hazipimwi. Zinazopimwa ni 30 zinazofuata, na baada yake mkimbiaji apewe nafasi ya kutosha kupunguza mwendo taratibu. Akimbie mara tatu, apumzike dakika nne au tano kati ya moja na nyingine, nawe uchukue muda ulio bora. Upepo ukivuma kwa nguvu, ahirisha.

Muda wa mita 30 usipimwe kwa kidole. Mkimbiaji anayepita kwa sekunde 3.40 ana kasi ya mita 8.82 kwa sekunde. Kidole kikikosea kwa sekunde 0.2, jambo la kawaida, utaandika 3.20 na kasi itageuka 9.38. Kosa hilo ni kubwa kuliko maendeleo yote unayoweza kuyatarajia kwa msimu mzima. Kwa hiyo tumia video. Simama kwenye nyasi za katikati ya uwanja, usawa wa nusu ya zile mita 30, ukirudi nyuma mpaka alama zote mbili zionekane, na uifunge simu kwenye stendi. Kabla ya mkimbiaji kuanza, msaidizi asimame ndani ya njia juu ya alama ya kwanza, kisha juu ya ya pili, huku simu inarekodi. Mahali kiuno chake kinapoonekana kwenye kioo ndipo mpaka wako. Ukipuuza hilo na kutegemea koni zilizowekwa pembeni mwa njia, kamera itakudanganya kwa sababu inaziangalia kwa mshazari, na kosa linaweza kufika nusu mita kila upande. Baadaye hesabu picha kuanzia kiuno cha mkimbiaji kinapovuka mpaka wa kwanza hadi kinapovuka wa pili: picha 816 katika video ya picha 240 kwa sekunde ni sekunde 3.40 kamili.

Hatua ya pili: kasi ya ukomo wa oksijeni

Hii ni kasi ambayo kwayo mwili unafikia kiwango chake cha juu kabisa cha kutumia oksijeni. Maabara huipata kwa mashine ya kukimbilia na barakoa ya kupima hewa. Uwanjani tunaikadiria kwa jaribio la dakika sita, kwa kuwa wakimbiaji waliofunzwa huweza kuishikilia kasi hiyo kwa muda unaokaribia huo.

Panga koni kila mita 50 kuzunguka uwanja. Baada ya kupasha misuli moto, mkimbiaji akimbie dakika sita kwa lengo la kufika mbali iwezekanavyo, akijaribu kugawanya nguvu zake sawasawa. Ni afadhali wapimwe watatu au wanne wenye uwezo unaofanana, kwani mtu peke yake hulegea katika dakika ya nne bila yeye mwenyewe kujua. Filimbi ikilia, kila msaidizi aweke alama pale mkimbiaji wake alipofika, kisha apime kwa tepu kutoka koni ya karibu. Aliyefika mita 2,100 ana wastani wa mita 5.83 kwa sekunde. Namba hiyo huzidi ukweli kidogo, kwa kuwa ndani ya dakika sita mkimbiaji huwa ameshatumia sehemu ya ghala lake la anaerobiki, na mwenye ghala kubwa huzidisha zaidi. Kwa kumlinganisha mkimbiaji na yeye mwenyewe, kasoro hiyo haina madhara makubwa.

Hatua ya tatu: akiba ya kasi

Toa kasi ya hatua ya pili kutoka kwenye ile ya hatua ya kwanza. Jibu ni akiba ya kasi, yaani eneo lote la mwendo lililo juu ya uwezo wa oksijeni.

Tuchukue wakimbiaji wawili wa mfano, wote wana kasi ya ukomo wa oksijeni ya 5.8. Wa kwanza ana kasi ya juu kabisa ya 8.5, wa pili 9.4. Akiba zao ni 2.7 na 3.6. Sasa waweke wote kwenye mita 800 kwa mwendo wa kumaliza kwa 1:50, ambao ni mita 7.27 kwa sekunde. Mwendo huo unazidi uwezo wao wa oksijeni kwa 1.47. Kwa wa kwanza hiyo ni asilimia 54 ya akiba yake, kwa wa pili ni asilimia 41. Katika daftari la mazoezi ya kilomita wangeonekana mapacha. Kwenye kona ya mwisho mmoja atakuwa bado anakimbia na mwingine anapambana asisimame.

Njia nyingine ni kugawanya kasi ya juu kabisa kwa kasi ya ukomo wa oksijeni. Gareth Sandford na wenzake, waliochunguza wakimbiaji wa mita 800 wa kiwango cha juu, waliona kwamba uwiano wa takriban 1.58 na zaidi huwa wa wale wanaoelekea mita 400, na ulio chini ya takriban 1.48 huwa wa wale wanaoelekea 1500, huku waliobobea katika 800 wakikaa katikati. Wa kwanza wetu ana 1.47, wa pili 1.62. Usimfunge mkimbiaji kwa namba hiyo, hasa akiwa kijana, lakini itakusaidia kuelewa kwa nini mazoezi yanayomjenga mmoja yanamvunja mwenzake.

David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 jijini London mwaka 2012, mzunguko wa kwanza aliupita kwa 49.28, mwendo wa zaidi ya mita 8.1 kwa sekunde. Yule wa kwanza wetu, mwenye kasi ya juu kabisa ya 8.5, angekuwa tayari anakimbia karibu na kikomo cha miguu yake kabla ya kengele kulia.

Hatua ya nne: kasi ya mpaka na akiba ya mita

Akiba ya kasi inaeleza urefu wa ngazi, lakini haisemi mkimbiaji anaweza kukaa juu yake kwa muda gani. Kwa hilo tunahitaji hesabu nyingine. Kila mkimbiaji ana kasi ya mpaka, ambayo chini yake mwili hupata utulivu na juu yake uchovu huongezeka bila kusimama. Kila mita anayoipata juu ya mpaka huo inatoka kwenye akiba yenye kikomo, ambayo wataalamu huiandika D′ na ambayo hapa nitaiita akiba ya mita. Uhusiano wake ni rahisi: umbali ni sawa na kasi ya mpaka mara muda, ukijumlisha akiba ya mita.

Mkimbiaji akimbie umbali wa mita 1200, 2400 na 3600 kwa nguvu zake zote, kila mmoja siku yake, akipumzika angalau siku moja nzima katikati. Tuseme amepata sekunde 198, 425 na 651. Kati ya umbali mfupi na mrefu kuna tofauti ya mita 2,400 na ya sekunde 453. Gawanya, upate kasi ya mpaka ya mita 5.298 kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa 198, upate 1,049. Zilizobaki kufikia 1,200 ni mita 151, nazo ndizo akiba yake. Umbali wa kati ni shahidi: 5.298 mara 425, jumlisha 151, ni karibu 2,403, na mkimbiaji alikimbia 2,400. Ushahidi unakubaliana. Ungepishana kwa mita 20 au zaidi, mimi ningerudia mojawapo ya majaribio kabla ya kuamini chochote.

Hapa ndipo uangalifu wote wa mwanzo unapolipa. Chukua matokeo yaleyale, ila mkimbiaji alizembea kidogo katika mita 1200 na kumaliza kwa sekunde 201 badala ya 198. Kasi ya mpaka inakuwa 5.333, badiliko lisilofika asilimia moja. Lakini akiba ya mita inashuka kutoka 151 hadi 128, yaani asilimia 15 imepotea kwa sababu ya sekunde tatu. Mtu anayesema akiba ya mkimbiaji wake imeongezeka kwa mita kumi, huku alimpima mara moja tu kwenye uwanja ambao hakuupima, hajasema kitu.

Wapo wanaopendelea jaribio moja la dakika tatu, ambamo mkimbiaji huanza kwa kasi yake yote na kuendelea kujitoa bila kujibakizia. Wastani wa sekunde 30 za mwisho huchukuliwa kuwa kasi ya mpaka, na akiba hupatikana kwa kutoa kasi hiyo kutoka kwenye wastani wa sekunde 150 za kwanza, kisha kuzidisha kwa 150. Wastani wa 6.3 na mwisho wa 5.3 hutoa mita 150. Hesabu ni safi, ila mkimbiaji wa mbio ndefu amefundishwa maisha yake yote kutunza nguvu, na kumshawishi azimwage zote katika mita 200 za kwanza ni kazi ngumu. Msaidizi asimtajie muda uliobaki, la sivyo ataanza kuugawanya.

Vipimo vingine

Kipimo cha maabara kinachoheshimiwa zaidi ni cha upungufu wa oksijeni uliolimbikizwa, kilichowekewa misingi na Medbø na wenzake wa Norwei mwaka 1988. Mkimbiaji hukimbia kwa kasi kadhaa ndogo ili mahitaji yake ya oksijeni yajulikane, kisha hukimbia kwa kasi kubwa mpaka ashindwe ndani ya dakika mbili hadi nne. Tofauti kati ya oksijeni iliyohitajika na iliyotumika ndiyo kipimo cha mchango wa anaerobiki. Kinahitaji mashine za gharama kubwa na wataalamu wa kuziendesha. Kipimo cha mbio sita za mita 35 zenye mapumziko ya sekunde kumi ni chepesi, lakini kinafaa zaidi kwa wachezaji wa mpira, nami simshauri kocha wa mita 1500 apoteze nacho alasiri nzima.

Kupima lakteti kwenye damu, yaani zao la misuli inapotumia njia ya anaerobiki, kunahitaji tahadhari ya pekee. Tone la damu kutoka ncha ya sikio au ya kidole huonyesha kwamba njia ya anaerobiki imefanya kazi, lakini halionyeshi ukubwa wa ghala. Ukiamua kupima, futa jasho kwanza kwa sababu nalo lina lakteti, chukua sampuli dakika ya 3, ya 5 na ya 7 baada ya kumaliza, kwa kuwa kilele hakitokei mara moja, vaa glavu, na sindano ya mtu mmoja isimguse mwingine kamwe.

Mwinuko wa mahali

Jambo hili linawahusu sana wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Mkimbiaji aliyepimwa Iten, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, akapimwa tena Mombasa au Dar es Salaam, ataonekana kama watu wawili tofauti. Juu kule hewa ni nyepesi: oksijeni hupungua, hivyo kasi ya ukomo wa oksijeni na kasi ya mpaka hushuka, ilhali kasi ya juu kabisa haipungui na inaweza hata kupanda kidogo kwa sababu upinzani wa hewa ni mdogo. Matokeo yake ni akiba ya kasi iliyovimba bila mkimbiaji kuongeza chochote. Kila namba daftarini iandikwe pamoja na mahali ilipopimwa, na namba za Iten zilinganishwe na za Iten.

Kuyasoma matokeo na kupima tena

Akiba ya kasi ikiwa ndogo kwa sababu kasi ya juu kabisa ni ndogo, mazoezi ya kurudiarudia mita 400 hayatamsaidia sana mkimbiaji. Mpe mbio fupi za mita 30 hadi 60 zenye mapumziko kamili, vilima vifupi na mazoezi ya nguvu za miguu. Kasi ikiwa nzuri lakini akiba ya mita ndogo, hapo ndipo mita 300 hadi 600 za mwendo mkali zina nafasi yake. Na ikiwa kasi ya mpaka ndiyo iliyo chini, mengine yote yasubiri.

Matokeo husaidia pia kupanga mbinu za shindano. Filbert Bayi, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, aliongoza tangu mwanzo. Anayekimbia hivyo huwalazimisha wote kuanza kutumia akiba zao mapema, na mwenye kasi kubwa ya kumalizia hufika mita 200 za mwisho akiwa na kasi lakini hana cha kuiendeshea. Mkimbiaji wako akiwa na kasi ya mpaka ya juu na akiba ya kasi ndogo, kusubiri nyuma ya kundi mpaka kengele ilie ni kuwapa wenzake zawadi.

Rudia kasi ya juu kabisa kila baada ya wiki nne, na vipimo vya kuchosha kila baada ya wiki nane au zaidi. Kabla ya kuamini kwamba kuna badiliko, mpime mkimbiaji yuleyule mara mbili ndani ya wiki moja ambayo hakuna kilichobadilika kwenye mazoezi yake. Tofauti utakayoipata kati ya siku hizo mbili ndiyo kosa la kipimo chako, kwenye uwanja wako, kwa mikono yako. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.